Shindano la usukani lisiamuliwe na mtandao wala mabavu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wanaoandaa mashindano ya mbio za magari za mtandaoni hapa Nyanda za Juu Kusini, zile zinazoendeshwa kwa usukani na pedeli mbele ya skrini. Vijana wa Mbeya, Iringa, Mafinga na Tukuyu wanaojifunza mbio hizi wanajituma kwelikweli, na kiingilio wanacholipa hawakukiokota barabarani. Wanastahili shindano linalopima uendeshaji. Kwa sasa, mara nyingi anayeshinda ni aliyekalia usukani mzima katikati ya mibovu, au anayekaa karibu na mnara wa simu, au aliyewasukuma wenzake nje kwenye kona ya kwanza akaenda zake.

Nianze na ule utaratibu wa kumtuza mwenye mzunguko mmoja wa kasi kuliko wote. Mabanda ya gemu yanaupenda kwa sababu ni rahisi: mtu anakaa, anajaribu mara tano, muda wake bora unaandikwa ubaoni. Tufanye hesabu ya mbio za mizunguko 20. Dereva wa kwanza anazunguka kwa dakika 1 na sekunde 48.2, ila mara mbili gari linamgeuka, na kila mara anapoteza sekunde 15. Hata tukimpa kasi yake bora katika mizunguko yote, jumla yake ni sekunde 2,194. Wa pili hajawahi kupita chini ya dakika 1 na sekunde 49, lakini hiyo 49 anaipata kila mzunguko, bila kukosea. Jumla yake ni sekunde 2,180. Ubaoni anaonekana mzito, barabarani amemwacha mwenzake sekunde 14. Ubao umempa zawadi asiyestahili.

GT Academy, shindano lililowatoa wachezaji wa Gran Turismo, gemu la mbio za magari, na kuwapeleka kwenye magari halisi kuanzia 2008, nalo lilianza na kutafuta mwenye muda mzuri mtandaoni, lakini halikuishia hapo. Waliopita waliitwa kambini, wakapimwa pumzi, wakawekwa kwenye magari ya kweli na kushindanishwa upya. Lucas Ordóñez wa Hispania, mshindi wa kwanza, na Jann Mardenborough wa Uingereza, mshindi wa 2011, waliendesha gari moja kwenye Saa 24 za Le Mans, mbio za Ufaransa, mwaka 2013 na kumaliza wa 3 katika daraja la LMP2, la pili kwa magari yaliyoundwa kwa mbio tu. Mbio za saa 24 hazimsamehi dereva anayekosea mara mbili katika mizunguko 20.

Kwa hiyo mazoezi yenyewe yaelekezwe kwenye kurudia. Anayeanza achukue gari la nguvu ndogo, Mazda MX-5 kwa mfano, aachane kwanza na Formula, yale magari ya mbio ya kiti kimoja yenye kasi kubwa. Gari dogo halina nguvu ya kuficha kosa: ukiingia kona vibaya, utalipia mpaka mwisho wa barabara nyoofu inayofuata. Abaki na gari hilo hilo, njia hiyo hiyo na kiasi kile kile cha mafuta kwa wiki nzima. Dakika 20 hadi 25 kwa kikao zinatosha, kisha apumzike, kwa sababu mguu uliochoka huanza kuchelewa breki bila mwenyewe kujua. Mizunguko mitano ya mwanzo aende polepole akitafuta alama za kufungia breki: kibao cha mita 150, cha mita 100, mwanzo wa ukingo wenye rangi. Asichague kivuli cha mti au cha daraja. Mbio zikipangwa saa nyingine ya siku kivuli kitakuwa kimehama, na yeye atahama nacho moja kwa moja mpaka kwenye mchanga.

Kipimo ninachokiamini ni hiki: mizunguko 10 mfululizo, tofauti kati ya ule mbaya na ule mzuri isizidi nusu sekunde. Kabla ya kufika hapo, mipangilio ya gari isiguswe. Mtu ambaye muda wake unapanda na kushuka kwa sekunde mbili, akilegeza springi au kubadili upepo wa tairi, atajuaje kilichomsaidia? Akishafika, abadili kitu kimoja tu, azunguke mara tano, aandike kwenye daftari, ndipo aende kwenye kingine.

Breki ndiyo inayotenganisha watu, na ndipo mwalimu anatakiwa akae karibu na mwanafunzi aangalie mguu, skrini baadaye. Tairi lina mshiko wenye kikomo, na mshiko huo linaugawa kati ya kupunguza mwendo na kukata kona. Ukiutumia wote kwenye breki, hakuna kilichobaki cha kukata kona. Kwa hiyo dereva hukanyaga kwa nguvu mwanzoni, gari likiwa limenyooka na lina mwendo mkubwa, kisha anauachia mguu kidogokidogo kadiri mikono inavyozungusha usukani, mpaka breki inaisha karibu na katikati ya kona. Wanaoanza hukosea kwa namna mbili. Wapo wanaouachia mguu ghafla: pua ya gari inanyanyuka, tairi za mbele zinakosa uzito, gari linakataa kukata. Wao wanaongeza usukani, na tairi zikishika tena gari linawarushia ukingo wa ndani. Wengine wanang'ang'ania breki huku wamekata usukani, na mkia unawapita. Kwenye gia ni vivyo hivyo. Dereva wa lori anayeujua mlima Kitonga huchagua gia kabla mteremko haujaanza, lakini hashushi gia gari likiwa bado linakimbia kupita kiasi, maana magurudumu ya nyuma yatakwama na kuteleza. Kwenye simuleta, yaani hizi gemu zinazoiga gari halisi, ukishusha gia tatu kwa pupa wakati breki ndiyo kwanza imeanza, utaona jambo hilo hilo, na mtoto atalalamika kwamba gemu ni mbovu.

Wakati mwingine gemu si mbovu lakini pedeli ni mbovu kweli. Nyingi za bei nafuu hupima mguu kwa potenshiometa, kile kifaa cha kuzunguka kama cha sauti ya redio, na vumbi letu la Agosti hadi Oktoba linaingia humo. Dalili zake zinaonekana kwenye ukurasa wa kupimia: mstari wa breki unarukaruka mguu ukiwa umetulia, au unaonyesha asilimia 3 hakuna mtu aliyekanyaga. Gari linaendeshwa breki zikiwa zimeshika kidogo na mwenye nalo anashangaa anapitwa kwenye nyoofu. Chomoa waya, fungua, pulizia dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, kanyaga na kuachia mara 30, acha ikauke kabisa. Usitie grisi wala mafuta ya cherehani, vumbi litaganda hapo na wiki ijayo hali itakuwa mbaya zaidi. Kama siku ya shindano imefika na hakuna dawa, kuweka eneo mfu la asilimia 4 kwenye breki, yaani mwanzo wa kanyago ambao gemu haliuhesabu, kunaficha tatizo, ila usidhani umelitengeneza.

Pedeli zinazoteleza kwenye vigae zizuiwe kwa ubao unaogusa ukuta. Kiti cha magurudumu kiondolewe, kwa sababu mtu anayekanyaga breki kwa nguvu anajisukuma nyuma, na kila kona anakaa mbali zaidi. Usukani nao: utakuta viti viwili ndani ya banda moja, kimoja usukani umewekwa uzunguke nyuzi 360 kutoka mwisho hadi mwisho na kingine 900, halafu wanaokalia wanashindanishwa. Nguvu inayorudishwa na usukani isiwekwe juu kabisa kwa kudhani ndiyo uhalisia. Mota ikifika mwisho wa uwezo wake, kona nyepesi na kona nzito zinahisi sawa, na mikono haipati tena habari ya tairi linaloanza kuteleza. Punguza mpaka tofauti irudi.

Pembe ya kuonea, yaani upana wa eneo ambalo gemu linaonyesha kwenye skrini, husahaulika na karibu wote. Skrini ya inchi 24 ina upana wa sentimita 53. Macho yakiwa sentimita 60 kutoka kwenye kioo, pembe sahihi kwa upana ni nyuzi 48 hivi. Vijana huweka 80 au 90 ili waone vioo vya pembeni, na hapo kona zinaonekana ziko mbali kuliko zilivyo na mwendo unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Alama za breki walizozoea zinapoteza maana wakihamia kiti kingine. Kabla ya kuzisoma nyuzi kwenye gemu angalieni pia kama inahesabu kwa upana au kwa kimo, maana kwa kimo skrini hiyo hiyo ni nyuzi 28.

Ninachoomba kwa waandaaji ni viti vipangwe kwa kura, na katikati ya shindano washindani wabadilishane. Misaada ya gari, yaani breki zisizokwamisha tairi (ABS), kuzuia tairi kuzungukia mahali na mstari wa kuonyesha njia, iwe ile ile kwa wote. Wanaotumia pedi ya gemu, ile ya vitufe inayoshikwa mkononi, wawe na daraja lao, wala si kwa sababu ni dhaifu. Programu nyingi humsaidia kimyakimya mwenye pedi kunyoosha gari, na msaada huo mwenye usukani hapewi.

Sasa mtandao, ambapo ugomvi mwingi huzaliwa. Mwanga ndani ya nyaya za faiba hukimbia kama kilomita 200 kwa milisekunde moja. Tuseme seva, yaani kompyuta kuu inayowaunganisha washindani, iko Frankfurt, Ujerumani. Kutoka Mbeya hadi huko ni kama kilomita 7,000 kwa mstari mnyoofu, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kuwa chini ya milisekunde 70 hata dunia yote ingekuwa faiba mpya. Hali halisi ni mara mbili ya hapo na zaidi, kwa sababu habari zinashuka kwanza Dar es Salaam, kisha baharini, kisha zinapita kwenye mitambo mingi njiani. Seva ya Johannesburg iko kama kilomita 2,000 tu kutoka Mbeya. Mwandaaji anayeweza kuchagua seva na bado akaweka mbio zake Ulaya amewaonea washindani wake kabla taa za kuanzisha mbio hazijazimika.

Lakini pingi kubwa iliyotulia, yaani huo muda wa habari kwenda na kurudi kwa milisekunde, si adui mkubwa. Kompyuta yako haioni gari la mwenzako lilipo sasa, inalichora pale inapokisia litakuwa. Kwenye nyoofu makisio hayo ni sahihi karibu kabisa, hata kwa kilomita 250 kwa saa, kwa kuwa mwendo haubadiliki ghafla. Shida inaanza kwenye breki. Gari la GT3, daraja la magari ya kifahari yaliyorekebishwa kwa mbio, linaweza kupoteza mita 15 kwa sekunde katika kila sekunde ya kufunga breki. Habari ikichelewa sekunde 0.2, makisio yanakosea kama sentimita 30. Ikichelewa nusu sekunde, kosa linakaribia mita 2, na hapo gari lililokuwa nyuma yako kwa heshima linaonekana limekupanda mgongoni. Kwa hiyo anayekaa kwenye 200 muda wote ni salama kukimbia naye kuliko anayeruka kutoka 80 hadi 500 na kurudi.

Hiyo ndiyo sababu kipimo cha kasi ya intaneti ambacho watu huonyeshana kwenye simu hakifai kuwa tiketi ya kuingia mbioni. Mbio zinatumia data kidogo sana. Kinachomaliza bando ni kupakua gemu lenyewe na masasisho yake: Gran Turismo 7 peke yake inazidi gigabaiti 100. Mshindani apimwe kwa pingi mfululizo ya dakika 10, saa ile ile ya mbio, kwa mfano saa 2 usiku wakati mtaa mzima uko mtandaoni, halafu tuangalie pakiti, yaani vipande vya data, zilizopotea na mruko kati ya pingi ndogo na kubwa. Ikipotea zaidi ya pakiti moja katika kila 100, atengeneze kwanza. Mara nyingi dawa ni waya: ruta nyingi za 4G zina tundu la kebo na halitumiki. Ruta ikae dirishani upande wa mnara, isiwekwe chini ya bati katikati ya nyumba. Simu za wengine zitoke kwenye ruta hiyo, na masasisho yapakuliwe usiku wa jana yake.

Umeme nao uandikiwe kanuni. UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukikatika, ya VA 650 haitoi wati 650, ni karibu 360 hadi 390. Kompyuta yenye kadi kubwa ya picha itabaki na dakika chache, za kurudisha gari pembeni salama. Ruta ikiwekwa kwenye UPS yake peke yake itakaa muda mrefu, na mwenye kompyuta mpakato yenye chaji atamaliza mbio. Na kuna siku ambazo kosa si la mtu yeyote. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini na intaneti ikadorora nchi nzima. Kanuni iseme mapema: mtandao ukianguka kwa wengi kabla ya nusu ya mizunguko, mbio zinarudiwa. Baada ya nusu, matokeo ya mzunguko wa mwisho uliokamilika ndiyo yanahesabiwa.

Nirudi kwenye kugongana, kwa maana hapo wengi wanavunjika moyo na kuacha. Kona ya kwanza ya Monza, uwanja wa mbio wa Italia, ni mfano mzuri: magari yanafika yakiwa yanakimbia zaidi ya kilomita 250 kwa saa, na yanapaswa kushuka hadi karibu 70, tairi ni baridi, tangi limejaa. Lita 100 za petroli ni kama kilo 75, uzito wa abiria mzima. Tena ukiwa nyuma ya mwenzako unapunguziwa upepo, kwa hiyo unafika kwa kasi zaidi na upepo hausaidii kukusimamisha. Ukifunga breki pale unapofunga ukiwa peke yako, utamgonga. Mzunguko wa kwanza breki ifungwe mapema kuliko mazoezini, na kadiri ulivyo nyuma kwenye msafara, mapema zaidi.

Kanuni za kujihami zipo tayari na zinatumika kwenye magari halisi chini ya FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari: kubadili upande kuzuia ni mara moja tu, na ukitaka kurudi kwenye mstari wako mwachie mwenzako upana wa gari moja kabla ya kona. Gari likikugeuka, kanyaga breki na klachi mpaka lisimame kabisa, kwa sababu gari lililosimama wenzako wanaweza kulikwepa, linalorudi kinyumenyume hakuna anayejua litaelekea wapi. Ukitoka nje ya njia, rudi pale ambapo hakuna gari linalokuja, hata kama utangoja sekunde tano. Ukipitwa na aliyekuacha mzunguko mzima, shika mstari wako, usirukie pembeni ghafla kwa kudhani unamheshimu anayekupita.

Programu ya iRacing, iliyoanza 2008, humpima dereva kwa idadi ya kona alizopita kwa kila kosa, na magari yakigusana wote wawili hupata alama mbaya bila kuuliza nani mkosaji. Kwa mbio za kila siku, ambapo hakuna mwamuzi wa kuangalia maelfu ya watu, naona ni utaratibu mzuri: unamfundisha dereva kukaa mbali na fujo hata akiwa na haki. Kwa shindano la fedha hautoshi. Hapo anahitajika mwamuzi wa kibinadamu ambaye mwenyewe hashindani siku hiyo. Naye ajue hili: marudio ya video yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya dereva yanaonyesha gari lake lilipokuwa kweli na gari la mwenzake lilipokisiwa kuwa. Ndiyo maana wawili wanakuja, mmoja anasema "kanigonga," mwingine anasema "sikumfikia," na wote wanasema walichokiona. Mwamuzi akusanye marudio ya pande zote mbili pamoja na ya seva, ayatazame kwa mwendo wa robo, aangalie breki ya kila mmoja ilifungwa wapi. Malalamiko yapokelewe kwa maandishi siku inayofuata, damu ikiwa imepoa. Adhabu iwe ya muda, sekunde 5 au 10, na kwa anayekusudia iwe kufutwa.

Na uhakikishe aliyekaa kwenye usukani ni yule aliyejiandikisha. Mei 2020, dereva wa Audi wa Formula E, mbio za magari ya umeme, Daniel Abt, alimkalisha mtaalamu wa gemu aendeshe kwa jina lake katika mbio za mtandaoni. Aliondolewa kwenye matokeo, akatakiwa kulipa euro 10,000 kwa hisani, na timu ikamsimamisha. Ikiwa jambo hilo lilifanyika kwenye mbio zinazotazamwa dunia nzima, kuazimana akaunti kwenye kufuzu huku kwetu si jambo la kushangaza. Kamera ya simu inayoonyesha uso na mikono, ikiwashwa tangu kufuzu hadi bendera ya mwisho, inatosha, na haigharimu kitu zaidi ya chaji.

Haya yote yanaenea kwenye karatasi moja: gari, njia, seva, misaada inayoruhusiwa, kikomo cha pingi na cha pakiti, kanuni ya umeme, adhabu, jina la mwamuzi, na zawadi itagawanywaje. Karatasi hiyo ibandikwe mlangoni na kutumwa kwenye kundi la washindani siku saba kabla ya shilingi ya kwanza ya kiingilio kupokelewa. Ikibadilishwa baada ya hapo, anayetaka kurudishiwa fedha yake arudishiwe.

Msimamizi wa mbio za simuleta,
Mbeya